Feza ya telefone na swali la viziwi

Wandugu, sisi wenye kutafuta bursi ya doktora tunauliza tu: nani atalipa? Tuulize pia: nani anachagua swali la utafiti? Mwaka 1880 Ufaransa ilimupa Alexander Graham Bell franka 50.000 juu ya telefone. Mama yake na bibi yake wote walikuwa viziwi. Na ile feza alifungua laboratwari Washington. Faida yake njo ilizaa Volta Bureau, 1887, nyumba ya utafiti juu ya uziwi. Muzuri sana. Lakini Bell alitaka viziwi waseme kwa kinywa, waache alama za mikono. Mwaka 1883 aliandika hata kwamba kiziwi kuoa kiziwi ni hatari. Tayari mwaka ule wa 1880, kule Milan, Italia, wajumbe 164 walikuwa wamekutana wakafukuza zile alama mashuleni. Kati yao, kiziwi alikuwa mumoja tu.