Nani Anaruhusiwa Kukifungua Kifaa? Historia Fupi ya Atomaiza ya Kusukwa Upya

Katika historia ya teknolojia lipo swali ambalo watunga sera hulipita haraka, ilhali mafundi huanza nalo: je, mwenye kifaa anaweza kukifungua? Mota ya mashine ya kusaga ina skrubu. Simu nyingi za leo zimegandishwa kwa gundi. Skrubu ikiwepo au isipokuwepo, kuna mtu aliyeamua hivyo, na uamuzi wake una maslahi nyuma yake.

Leo nalichunguza swali hilo kupitia kifaa ambacho wengi wa wasomaji wangu hawajakishika: atomaiza ya kusukwa upya. Hiki ni kichwa cha sigara ya kielektroniki ambacho mtumiaji hukifungua, akasuka waya wake, akatia utambi wake, kisha akakifunga tena. Nimekichagua kwa sababu historia yake haijafikisha miaka ishirini, na ndani ya muda huo mfupi tunaona hatua zote: ugunduzi, karakana, mtaji, sheria na, mwishowe, jalala.

Nitangulize tahadhari moja. Nikotini hujenga uraibu, na mtu asiyevuta sigara hana atomaiza ya kwanza ya kuchagua. Mwanafunzi wangu mmoja aliponiuliza anunue ipi, swali langu la kwanza lilikuwa kama anavuta sigara. Yote nitakayoyasema kuhusu uchaguzi huo yanamhusu mvutaji wa tumbaku anayetafuta njia ya kuiacha.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1963 Herbert A. Gilbert wa Beaver Falls, Pennsylvania, aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akapewa mwaka 1965. Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1964, Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti mashuhuri iliyoihusisha sigara na saratani ya mapafu. Mtu angedhani wakati wa Gilbert ulikuwa umewadia, lakini hakuna kampuni iliyokipeleka kifaa chake sokoni. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 2003, pale Hon Lik, mfamasia wa Kichina aliyekuwa mvutaji na ambaye baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu, alipobuni sigara ya kielektroniki ya nikotini. Iliingia soko la China mwaka 2004, na miaka michache baadaye ikafika Ulaya na Marekani.

Vifaa hivyo vya mwanzo viliiga umbo la sigara, na kuiga huko kulikuwa udhaifu wake. Ndani ya kijiti chembamba hakukuwa na nafasi ya betri ya maana, na atomaiza yake ilizibwa kiwandani ikafa baada ya muda mfupi. Mwaka 2008, huko Uingereza, Ted Rogers na Matt Rogers walitengeneza kifaa walichokiita Screwdriver, bomba nene mithili ya tochi lenye betri kubwa. Walikuwa wamekubali jambo ambalo viwanda havikuwa vimelikubali bado: kifaa kinachofanya kazi hakilazimiki kufanana na kile kinachokirithi.

Baada ya betri ikafuata atomaiza. Watumiaji walizipasua zile zilizokufa na kukuta ndani yake kitu cha kushangaza kwa udogo wake: kipande cha waya kilichozungushwa kwenye utambi. Msomaji aliyekulia kwenye mwanga wa kibatari hahitaji maelezo marefu. Utambi hunyonya kimiminika, joto hukigeuza. Tofauti ni kwamba utambi wa kibatari huwaka, ilhali huu haupaswi kuungua hata kidogo. Ukiungua, mvutaji huvuta moshi ule ule aliokuwa akiukimbia.

Hapo ndipo karakana zilipochukua hatamu. Ujerumani, Ugiriki, Ufilipino na Marekani walijitokeza mafundi wenye mashine za kukereza chuma, wakatengeneza atomaiza kwa makumi na kwa mamia, kila moja ikiwa na nguzo mbili za kubanea waya, skrubu, na tundu la hewa. Kayfun ya SvoëMesto, kutoka Ujerumani, ilisifika kiasi kwamba viwanda vya China vilianza kuiga umbo lake na kuuza nakala kwa bei nafuu mno. Utambi nao ulibadilika, kutoka nyuzi za kioo na wavu wa chuma cha pua hadi pamba ya kawaida. Waya uliotumiwa zaidi, Kanthal, ni aloi ya chuma, kromiamu na alumini iliyobuniwa Uswidi na Hans von Kantzow kabla ya Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya tanuri na hita. Hakuna kilichokuwa siri. Kila kiungo kilipatikana dukani, na elimu iliyohitajika ni ile ya kidato cha tatu.

Elimu hiyo ndiyo kiini cha uchaguzi wa atomaiza ya kwanza. Mkondo wa umeme ni volti zikigawanywa kwa ukinzani. Ndiyo kanuni ya Ohm ambayo wengi wetu tuliikariri kwa ajili ya mtihani tu. Betri moja ya lithiamu iliyojaa hutoa volti 4.2. Koili ya om 1 itavuta ampea 4.2, na betri nzuri hubeba mzigo huo bila shida. Koili ya om 0.2 itavuta ampea 21, kiasi ambacho betri nyingi hazikuundwa kukihimili mfululizo. Kati ya koili hizo mbili kuna tofauti ya mizunguko michache ya waya, ambayo macho hayawezi kuipima.

Kwa sababu hiyo, jibu langu kwa mvutaji anayeanza ni la kihafidhina. Achague atomaiza yenye tangi badala ya ile ya kudondoshea kimiminika kila baada ya mivuto michache, maana anayeacha sigara hahitaji usumbufu mwingine wa kumrudisha kwenye sigara. Iwe ya koili moja: koili mbili zisipolingana, moja huchukua mzigo wa nyingine. Iwe na kitako kipana na nguzo ambazo vidole vya mgeni vitazifikia. Hewa yake iwe ya kubana, inayomruhusu kuvuta kwanza mdomoni kama alivyozoea. Waya wa milimita 0.32 wa Kanthal ukizungushwa mara sita kwenye kijiti cha milimita 2.5 hutoa takriban om 1, mahali salama pa kujifunzia. Pamba isijazwe ikakosa kupitisha kimiminika, wala isiwe haba ikakauka kati ya mivuto. Zaidi ya yote, atomaiza hiyo ifungwe kwenye kifaa chenye saketi inayopima ukinzani na kukata umeme panapotokea hitilafu. Bomba tupu lisilo na ulinzi wowote si la mwanafunzi. Mwezi Mei 2018, huko St. Petersburg, Florida, mtu mmoja alifariki baada ya kifaa chake kulipuka. Uhuru wa kufungua kifaa una gharama kwa asiyejua kilichomo ndani, na mwanahistoria anayeuficha ukweli huo anaandika tangazo la biashara.

Wakati mafundi wakijadili waya na pamba, mtaji ulikuwa ukijipanga. Mwezi Aprili 2012 kampuni ya sigara ya Lorillard ilinunua chapa ya blu kwa dola milioni 135. Mwaka 2013 Imperial Tobacco ilinunua hataza za Hon Lik kwa dola milioni 75. Mwaka 2015 ikaingia JUUL, iliyoanzishwa na wahitimu wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford: kifaa chembamba kisicho na skrubu, chenye kibweta kilichozibwa na nikotini nyingi katika mfumo wa chumvi usiokwaruza koo. Mtumiaji hakuwa na cha kusuka, kupima wala kujifunza. Mwezi Desemba 2018 Altria, mwenye Marlboro ya Marekani, alinunua asilimia 35 ya kampuni hiyo kwa dola bilioni 12.8. Mwaka uliofuata, utafiti wa kitaifa wa Marekani ulionyesha kuwa asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari za juu walikuwa wakitumia sigara za kielektroniki. Kilichowafikia watoto kwa wingi ni kifaa rahisi, kidogo na kilichofungwa. Atomaiza inayodai nusu saa, bisibisi na hesabu haina mvuto huo kwa kijana wa miaka kumi na tano.

Na sheria? Ilikuwa na sababu halali za kuingia: nikotini ni sumu kwa mtoto akiinywa, betri hulipuka, na ladha za peremende hazikulenga wazee. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, yaliyoanza kutumika Mei 2016, yaliweka kikomo cha mililita 2 kwa tangi, mililita 10 kwa chupa na miligramu 20 za nikotini kwa mililita. Mwaka huo huo Marekani iliziingiza sigara za kielektroniki chini ya mamlaka ya FDA. Mwenye duka aliyemsukia mteja koili sasa aliweza kuhesabiwa kisheria kuwa mtengenezaji, na kila bidhaa mpya ilihitaji maombi yenye ushahidi wa kisayansi ambao karakana ndogo haina uwezo wa kuugharimia. Kibali cha kwanza kwa sigara ya kielektroniki kilitoka Oktoba 2021. Kilikwenda kwa Vuse Solo, kifaa cha kibweta kilichofungwa, mali ya R.J. Reynolds, moja ya kampuni kubwa za sigara Marekani.

Katikati ya hayo ukatokea mlipuko wa maradhi ya mapafu wa mwaka 2019. Hadi Februari 2020 Marekani ilikuwa imeorodhesha wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, miongoni mwao vifo 68. Uchunguzi ulielekeza kidole hasa kwenye vimiminika vya bangi vilivyochanganywa na asetati ya vitamini E, lakini katika hofu ile kila mvuke ulihukumiwa kwa kosa moja. Mapema mwaka 2020 FDA ilielekeza nguvu kwenye vibweta vyenye ladha. Vifaa vya kutumia mara moja na kutupa havikupewa kipaumbele hicho, na vijana wakahamia huko. Uingereza, kwa makadirio ya taasisi ya Material Focus ya mwaka 2023, takriban vifaa milioni 5 vya aina hiyo vilikuwa vikitupwa kila wiki, kila kimoja na betri ya lithiamu ndani yake. Serikali ilivipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Juni 2025.

Nayasoma matukio haya kama historia ya ujuzi kunyang'anywa. Sidai kuwa palikuwa na njama. Kanuni zilizoandikwa kwa nia njema ziliweka gharama ambazo tajiri pekee angezimudu, na soko likaelekea kwa yule aliyekuwa na sababu ya kukiziba kifaa. Jambo la kutafakari ni kwamba Umoja wa Ulaya, katika kanuni zake za betri za mwaka 2023, unataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Swali la skrubu limerudi mezani, safari hii kwa jina la mazingira.

Ushahidi wa afya nao hauegemei upande mmoja. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, lenye washiriki 886, liliwapa wengine sigara za kielektroniki za kujazwa upya na wengine tiba za kawaida za nikotini. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18.0 ya kundi la kwanza walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya kundi la pili. Hata hivyo, asilimia 80 ya waliofaulu katika kundi la kwanza walikuwa bado wanavuta mvuke. Waliachana na moshi. Hawakuachana na nikotini. Sera ya kweli inapaswa kuzishika nusu zote mbili za habari hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki, Uganda iliamua mapema: Sheria yake ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015 inakataza sigara za kielektroniki moja kwa moja. Wengine watakaoandika au kurekebisha sheria zao wana historia ya kusoma kabla ya kunakili. Ndugu zangu watumishi wa umma, rasimu ikifika mezani, ulizeni mambo matatu. Kanuni hii inamlenga mtoto, au inamlenga fundi? Ni nani atakayemudu gharama ya kuitii, na je, ndiye yule yule aliyeuza sigara jana? Na kifaa kikifa, kinakwenda kwa nani: kwa fundi au kwenye dampo linalowaka moto?

Wanafunzi wangu nawaachia jambo dogo zaidi. Nchi yenye mafundi wanaosuka mota vichochoroni na kufufua simu zilizokufa haikosi watu wa kuielewa kanuni ya Ohm. Inachokosa mara nyingi ni sauti ya mafundi hao katika chumba ambamo inaamuliwa kifaa kipi kiingie nchini, kikiwa na skrubu au kikiwa na gundi. Wakati wa kuidai sauti hiyo ni kabla ya kontena kufika bandarini.