Wavulana wa London na mgawanyo wa binomia

Somo la mgawanyo wa binomia shuleni huanza na sarafu: irushwe mara kumi, kisha mwanafunzi akokotoe uwezekano wa kupata vichwa saba. Ni mfano mwepesi, na wepesi wake ndio hatari yake, kwa kuwa nusu kwa nusu inakuja tayari na hakuna anayelazimika kuuliza imetoka wapi. Kwa maoni yangu, swali hilo ndilo lililoutoa mgawanyo huu kwenye kamari na kuufanya chombo cha sayansi, na lilianza kujibiwa kwa rejesta za ubatizo za London.

Mwaka 1710 John Arbuthnot, tabibu wa Malkia Anne, alikusanya idadi ya watoto waliobatizwa jijini humo kuanzia 1629. Katika miaka yote 82, wavulana waliwazidi wasichana. Alitoa hoja kwamba, kama jinsia ya mtoto ingekuwa suala la bahati tupu, kila mwaka ungekuwa na nafasi isiyozidi nusu ya kuwa mwaka wa wavulana. Basi uwezekano wa miaka 82 mfululizo ni nusu iliyozidishwa kwa yenyewe mara 82, yaani 1 kwa namba inayoanza na 4,835 na kufuatwa na tarakimu nyingine 21. Bahati haiwezi kufanya hivyo, alisema. Huo ni mkono wa Mungu. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Kasoro imo katika kudhani kwamba bahati maana yake ni nusu kwa nusu, na hadi leo wanafunzi wengi hudhani kwamba matokeo mawili lazima yawe na nafasi sawa.

Nicolaus Bernoulli wa Basel alimjibu katika barua aliyomwandikia mwanahisabati mwenzake Montmort mwaka 1713. Badala ya kuhesabu miaka 82, alihesabu watoto: kila uzazi ni jaribio moja, na kwa mwaka wapo kama 14,000. Uwiano aliuchota kwenye rejesta zenyewe, wavulana 18 kwa wasichana 17. Ni sawa na kurusha dadu 14,000 zenye nyuso 35, nyuso 18 nyeupe na 17 nyeusi. Wastani unakuwa wavulana 7,200, na mchepuko sanifu, tukitumia kanuni ya leo, ni kama 59 tu. Ili wasichana waongoze, wavulana wangepaswa kupungua kwa zaidi ya 200, jambo ambalo kwa dadu hizo lingetokea chini ya mara moja katika miaka 2,000. Miaka 82 ya wavulana kuongoza haina ajabu tena.

Huenda mtu akasema Jacob Bernoulli, baba mkubwa wa Nicolaus, alikwisha kuivuka nusu katika Ars Conjectandi, kitabu kilichotoka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Ni kweli, na heshima yake haipungui. Lakini mfano wake mkuu ni chungu cha kufikirika chenye vijiwe vyeupe 3,000 na vyeusi 2,000: uwiano unajulikana kabla ya kuchota. Nicolaus alikuwa na hesabu ya watu halisi, na uwiano ilimbidi autafute humo.

Pingamizi lililo zito zaidi linahusu rejesta zenyewe. Ubatizo si uzazi, na waumini waliojitenga na Kanisa la Uingereza hawakuhesabiwa. Mwaka 1650, katika kipindi cha vita vya wenyewe kwa wenyewe, walioandikwa hawakufika 6,000. Tuupime mwaka 1661: wavulana 4,748, wasichana 4,107. Kwa uwiano wa 18 kwa 17 tulitarajia wavulana 4,554 hivi, na mchepuko sanifu ni 47. Ziada ya 194 ni zaidi ya michepuko minne. Bahati peke yake haielekei kuieleza. Hapo masharti ambayo wanafunzi huyakariri kwa haraka, majaribio yasiyotegemeana na uwezekano usiobadilika, yanapata kazi: mojawapo limevunjika, au karani hakuandika kila mtoto, na mgawanyo wenyewe ndio uliotuonyesha ni mwaka gani wa kuchunguza.