Je, Unene Ni Afya?

Msomaji, bila shaka umepata kusikia mtu aliyenenepa akisifiwa kwamba mambo yake yamemnyookea, na aliyekonda akiulizwa anaumwa na nini. Sifa hiyo haikuzuka jana. Nasi tukitaka kujua kama unene wadhuru afya, twaweza kuitafuta habari yake kandokando ya ziwa moja tu, Viktoria Nyanza.

Tuanze upande wa magharibi. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Speke alifika Karagwe kwa Mfalme Rumanika, akawakuta wake wa wakubwa wakinyweshwa maziwa bila kikomo, maana kwao unene ndio uliokuwa uzuri. Alimpima shemeji mmoja wa mfalme: mzingo wa mkono wake ulikuwa futi 1 na inchi 11, yaani sentimita 58 hivi. Bibi huyo hakuweza kusimama ila kwa kujishikiza chini kwa mikono. Unene wake ulikuwa fahari ya jamaa zake, nao mzigo aliubeba yeye.

Sasa na tuvuke maji hata mashariki, kwenye kisiwa cha Takawiri, jirani ya Rusinga na Mfangano. Wakati wa ukoloni visiwa hivyo vilikuwa katika wilaya ya Kavirondo Kusini, nchi ya wavuvi na wakulima. Katika wilaya hiyo daktari mmoja, C. P. Donnison, aliwapima Waafrika 1,000 shinikizo la damu, akatangaza habari zake mwaka 1929. Alistaajabu kuona kwamba baada ya miaka 40 shinikizo lao halikupanda kama la Wazungu, bali lilishuka. Tena kati ya wagonjwa 1,800 hivi waliolazwa hospitalini, hakumpata hata mmoja mwenye ugonjwa huo.

Wako waliodhani kwamba Mwafrika ameumbwa hivyo. La, hasha! Mwaka 1990 ilitangazwa habari ya vijana wa Kijaluo waliotoka vijijini, kaskazini ya ziwa, wakahamia Nairobi. Muda si muda shinikizo lao la damu likapita la wenzao waliobaki nyumbani. Damu ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni maisha. Lakini tusiutupie unene lawama yote, kwani chumvi nayo ilikuwa na sehemu yake kubwa.

Unene wenyewe wadhuru vipi? Mafuta yanayojikusanya tumboni, kuyazunguka matumbo na ini, huzuia mwili usitumie sukari sawasawa, na hapo kisukari hupata njia. Moyo nao hulazimika kuusukumia damu mwili mkubwa zaidi, na magoti huchakaa kwa uzito. Matabibu hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likifika 30, huo ni unene wa kupita kiasi. Mtu wa mita 1.7 hulifikia akiwa na kilo 87 hivi. Kipimo hiki si kamili, kwa kuwa mpiga kasia hodari aweza kuwa mzito kwa misuli, wala hana mafuta. Kwa hiyo wengine huona ni afadhali kuzungusha utepe kiunoni. Speke aliuzungusha wake Karagwe. Ila yeye alipima ajabu, hakupima ugonjwa.