Radhi ya Baba wa Nani? Ubishi wa Watazamaji juu ya Filamu Moja ya 1967

Mwishoni mwa 1967 Wamarekani walijazana kwenye kumbi za sinema kutazama familia moja ya San Francisco ikijiandaa kula chakula cha jioni. Filamu yenyewe ni Guess Who's Coming to Dinner, yaani hebu kisia nani anakuja kula nasi usiku. Iliongozwa na Stanley Kramer, ikaandikwa na William Rose, na ndani yake wamo Spencer Tracy, Katharine Hepburn na Sidney Poitier. Ni filamu ya mapenzi na ya familia, inayochekesha na kuliza kwa zamu. Hadithi yake inaanza na kuisha ndani ya siku moja. Ubishi wake umepita nusu karne na bado.

Kwa wasioijua, kisa ni hiki. Joanna, binti wa Kizungu wa miaka 23, anarudi nyumbani kutoka Hawaii akiwa na mchumba aliyemfahamu kwa siku kumi tu. Mchumba ni Dk. John Prentice, Mmarekani mweusi wa miaka 37, mjane, daktari anayeheshimika duniani. Baba wa binti, Matt Drayton, ni mwenye gazeti, mtu wa siasa za maendeleo ambaye maisha yake yote amehubiri usawa. Sasa usawa umebisha hodi mlangoni kwake, tena una begi mkononi. Usiku huohuo John anatakiwa kuondoka kwenda Geneva. Faraghani, bila Joanna kujua, anawaambia wazazi wa binti kwamba wasipokubali kwa moyo mweupe, ndoa hakuna. Basi mzee ana saa chache tu za kuamua.

Ukitaka kuelewa maoni ya watazamaji wa kwanza, lazima uangalie kalenda. Tracy alikuwa mgonjwa kiasi kwamba kampuni za bima zilikataa kumwekea dhamana, ikabidi Kramer na Hepburn waweke rehani malipo yao wenyewe ili filamu ipigwe. Alifariki tarehe 10 Juni 1967, siku 17 baada ya kumaliza kazi. Siku mbili baadaye, tarehe 12 Juni, Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu ya kesi ya Loving dhidi ya jimbo la Virginia na kufuta sheria zilizokataza ndoa kati ya weupe na weusi. Sheria hizo zilikuwa bado zipo katika majimbo 16. Ndani ya filamu, baba yake John anamwonya mwanawe kwamba katika majimbo kama hayo kumi na kitu yeye na mchumba wake wangekuwa wahalifu. Filamu ilipotoka Desemba, onyo hilo lilikuwa limeshapitwa na wakati kisheria. Lakini sheria ni kitu kimoja na mioyo ya watu ni kitu kingine. Mwaka 1968 shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani kama wanaafiki ndoa kati ya weupe na wasio weupe. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 20.

Katika nchi hiyo ambayo watu wanne kati ya watano hawakuweza kusema ndiyo, filamu ilipata mamilioni ya dola na kuwa miongoni mwa zilizovuma kuliko zote za msimu ule. Iliteuliwa kuwania tuzo kumi za Oscar, ikashinda mbili, ya Hepburn kwa uigizaji na ya Rose kwa uandishi. Poitier hakuteuliwa, ingawa mwaka huohuo alikuwa na filamu nyingine mbili kubwa, To Sir, with Love na In the Heat of the Night, na katika orodha ya 1968 wamiliki wa kumbi za sinema walimtaja kuwa nyota anayevuta watu kuliko wote.

Kwa nini watu waliipenda? Sababu moja haina uhusiano na rangi. Walikuwa wanamuaga Tracy. Katika hotuba yake ya mwisho anazungumzia mapenzi ya uzeeni, na Hepburn, aliyekuwa mwenziwe kwa zaidi ya miaka ishirini, amesimama pembeni machozi yakimlengalenga. Hepburn alisema baadaye kwamba hakuwahi kuitazama filamu hiyo. Mtazamaji aliyejua hayo angelia hata kama wangekuwa wanasoma orodha ya vyakula.

Sababu ya pili ndiyo iliyozua vita. Filamu ilimpa mtazamaji mweupe nafasi ya kujipima bila kuumia. Kramer aliunda mgeni asiye na dosari. Ni msomi, mpole, ana cheo, ana adabu, na hajalala na binti ya watu. Kwenye filamu nzima wanabusiana mara moja tu, na hilo tunaliona kupitia kioo cha dereva wa teksi. Alipoulizwa, Kramer alijitetea kwamba alifanya hivyo kwa makusudi. Ukimwondolea kijana kila kasoro, kinachobaki cha kumkataa ni rangi yake peke yake, na hapo mwenye ubaguzi hana pa kujificha.

Ni hoja nzuri, wala si ya kubezwa. Lakini watazamaji weusi waliona upande wake wa pili, kwamba kumbe ili mtu mweusi akaribishwe mezani ni sharti awe malaika. Binti yeye hahitaji kuwa chochote. Anatosha kuwa binti. Hata kabla filamu haijatoka, Septemba 1967, mwandishi wa tamthilia Clifford Mason alikuwa ameandika kwenye New York Times makala iliyouliza ni kwa nini Marekani nyeupe inampenda Poitier kiasi hicho. Jibu lake halikuwa la kumsifu. Kwa Mason, wahusika wa Poitier walikuwa watakatifu wasio na mwili wala nyumbani, waliokuwepo kutatua matatizo ya Wazungu.

James Baldwin naye aliandika juu ya Poitier, ambaye alikuwa rafiki yake, na katika kitabu cha 1976, The Devil Finds Work, aliichambua filamu hii bila huruma. Ila kisa chake ninachokipenda zaidi kinahusu filamu nyingine ya Kramer, The Defiant Ones ya 1958. Mwishoni mwake Poitier anaruka kutoka kwenye treni, anaacha uhuru wake ili abaki na mwenzake mweupe. Baldwin anaeleza kwamba kwenye kumbi za katikati ya jiji watazamaji weupe walifurahia tendo hilo. Huko Harlem, ukumbi ulipiga kelele za hasira ukimtaka mpumbavu yule arudi kwenye treni. Kisa hiki kinafundisha mengi kuhusu maoni ya watazamaji. Wote wamelipa kiingilio na wote wameona picha zilezile. Tofauti ni nani kati yao ameshawahi kulikimbilia treni la namna hiyo.

Halafu ikaja Aprili 1968. Martin Luther King aliuawa tarehe 4 mjini Memphis, na sherehe za Oscar zikasogezwa mbele kwa siku mbili. Filamu iliyoonekana jasiri Desemba ikaanza kuonekana ya wazee. Kramer alizunguka vyuoni kuijadili na wanafunzi, akakuta vijana ambao tatizo lao halikuwa ujasiri wa filamu bali upole wake. Kwao, kuuliza kama daktari maarufu anaruhusiwa kuoa kulikuwa kuuliza swali lisilo na maana huku miji ikiwaka moto.

Mimi nilipoitazama, miongo mingi baadaye, sikukwama kwenye malaika wala kwenye busu la kiooni. Nilikwama kwenye suala la radhi. Sisi tuliolelewa na posa, washenga na vikao vya wazee tunalijua neno hili vizuri. John anawapa wazazi wa Joanna uwezo wa kuivunja ndoa kwa neno moja. Wazazi wake mwenyewe hajawaambia hata kwamba mchumba ni Mzungu. Wanakuja kujua uwanja wa ndege, ana kwa ana, nyuso zikiwasaliti. Na baba yake, mzee aliyefanya kazi ya kubeba barua ili kumsomesha, anapothubutu kupinga, anaambiwa na mwanawe kwamba hamdai chochote kwa sababu kumlea ulikuwa wajibu wake. Anaongezewa kwamba yeye anajiona mtu mweusi, ilhali mwanawe anajiona mtu tu.

Wapo wanaoyasifu maneno yale kama tangazo la uhuru wa kizazi kipya, nami naelewa kwa nini. Lakini hebu yaweke kwenye sebule ya kwetu uone kama kuna mtu atakayemaliza chakula. Kibaya zaidi ni mpangilio wenyewe. Baba mweupe anasubiriwa, anabembelezwa, anapewa hotuba ya mwisho. Baba mweusi anakatwa kauli, na hapewi hotuba ya kujibu. Hata Tillie, mfanyakazi wa ndani mweusi anayempinga John kwa ukali kuliko Mzungu yeyote mle ndani, hofu yake imegeuzwa kichekesho. Filamu inahesabu maoni ya kila mtu, kisha kura ya turufu inampa mmoja.

Haki itendeke, kuna sauti moja inayovuruga hesabu hiyo. Ni ya mama yake John, iliyochezwa na Beah Richards, ambaye aliteuliwa kuwania Oscar. Ni yeye anayemwambia Drayton kwamba wazee wamesahau mapenzi yalivyokuwa, na ni maneno yake yanayomgeuza. Kwa hiyo hotuba maarufu ya Tracy, kwa kiasi fulani, ni jibu kwa mwanamke mweusi. Watazamaji wengi hukumbuka hotuba na kumsahau aliyeisababisha.

Na je, baba mwenye ngozi nyeusi anapopewa nafasi ya kusema hapana, anasemaje? Historia inatupa mfano wa karibu nasi. Miaka sita kabla ya filamu, na hukohuko Hawaii ambako John na Joanna walikutana, mwanafunzi kutoka Kenya, Barack Obama mkubwa, alimwoa Ann Dunham, Februari 1961. Mtoto wao anaeleza katika kitabu chake cha 1995, Dreams from My Father, kwamba babu yake Hussein Onyango aliandika barua kali kutoka Kenya kupinga ndoa hiyo. Hakutaka damu ya ukoo ichafuliwe na mwanamke wa Kizungu. Wazazi wa Marekani walikuwa na mashaka yao, wa Kenya naye alikuwa na yake, tena hakumung'unya maneno. Kwenye filamu John anatania kwamba Joanna anaamini watoto wao wote watakuwa marais wa Marekani. Wacheshi wa 1967 hawakujua kwamba mtoto mmoja wa namna hiyo alikuwa na miaka sita.

Leo Gallup wakiuliza swali lao, walioafiki wamefika asilimia 94, kwa kura ya 2021. Mtu anaweza kusema filamu imeshinda na kazi yake imekwisha. Sidhani. Mwaka 2017 iliingizwa kwenye hifadhi ya taifa ya filamu ya Marekani, na mwaka huohuo Jordan Peele akatoa Get Out. Humo pia kijana mweusi anapelekwa nyumbani kwa wazazi wa mpenzi wake Mzungu, nao wanampokea kwa tabasamu na maneno mazuri. Peele ameitaja filamu ya Kramer kuwa mojawapo ya zilizomwongoza. Ameigeuza ikawa ya kutisha. Kwake hatari si mwenyeji anayekukataa, bali yule anayekutaka kupita kiasi kwa sifa zako nzuri.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema Guess Who's Coming to Dinner ni filamu mbaya, wala na wanaoiita mkombozi. Ni filamu iliyotengenezwa kwa upendo na watu waliotaka kutenda mema, na ambao hawakuona ni kiti cha nani walichokuwa wamekalia. Ukiitazama leo, wahesabu walioketi pale mezani mwishoni. Halafu mtafute Tillie.