Kicheche Mpweke wa Middletown

Msimu wa 1958 ulipofika katikati, timu ya shule ya upili ya Middletown, mji wa kiwanda cha chuma kule Ohio, Marekani, ilikuwa haijashinda mechi hata moja. Ilikuwa imepigwa mara nne na kutoka sare mara moja. Kocha wake, Glenn Ellison, ambaye watu walimwita Tiger, hakuwa mwanagenzi. Na katika mji mdogo unaopenda futiboli, kocha anayeshindwa hana pa kujificha, hata akienda dukani kununua mkate.

Sisi tuliozoea raga hatutapotea sana. Kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Una majaribio manne ya kusonga yadi kumi, ukishindwa mpira ni wa wenzako. Enzi hizo timu nyingi zilicheza kwa kubanana: wachezaji bega kwa bega, jamaa mwenye kifua anapewa mpira, anachimba katikati. Sasa wewe una vijana wembamba na mwenzako ana mafahali. Si ni kujipeleka machinjioni?

Ellison alisimulia baadaye kwamba aliwaona watoto wakicheza kiwanjani mtaani, kijana mmoja akikimbia huku na huko na mpira mkononi mpaka mwenzake apate nafasi, ndipo aurushe. Basi akaiga. Anayeanzisha mpira aliachwa karibu peke yake katikati, mrushaji nyuma yake, na wengine wakatawanywa kwenye uwanja wenye upana wa karibu mita 49. Mpango huo akauita Lonesome Polecat, kicheche mpweke. Na kicheche, kama ujuavyo, hahitaji misuli ili aogopwe.

Watu hudhani siri ilikuwa pasi. Mimi naona siri ni nafasi. Ukitawanya wako, mpinzani naye hana budi kutawanya wake, la sivyo mtu atabaki bila mlinzi. Lile jitu lililotisha ndani ya msongamano sasa liko peke yake nyasini, likimfukuza kijana mwepesi. Middletown walishinda mechi zote tano zilizobaki.

Ellison hakuwa wa kwanza kusukumwa na shida namna hii. Miaka ya 1930, Rusty Russell aliwatawanya vijana wake, wachache na wadogo wa mwili, wa Masonic Home, makao ya mayatima yenye shule mjini Fort Worth, Texas. Mwaka 1932 walifika fainali ya jimbo. Wala sishangai kwamba mambo haya yalichipuka shuleni. Chuo kikuu hutuma watu kusaka vijana wakubwa popote walipo. Mwalimu wa shule hufundisha aliyeletwa na mzazi wake.

Ellison aliuboresha mpango wake, na mwaka 1965 akautolea kitabu. Kule Oregon, kocha Mouse Davis aliyachukua mawazo hayo, akatwaa nayo ubingwa wa jimbo mwaka 1973 akiwa na shule ya upili ya Hillsboro, kisha akahamia chuo cha Portland State. Mwaka 1980 vijana wake waliifunga Delaware State 105 kwa nunge.

Ellison naye? Alienda Ohio State kuwa msaidizi wa Woody Hayes, kocha aliyesifika kote Marekani kwa kuchimba katikati.