Dau, joshi na ngama: maneno ya bahari yaliyobaki bila vyombo

Sehemu ya Beit al-Ajaib, pale Forodhani Unguja, ilipoporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili, mazungumzo yote yalikuwa juu ya kuta na mnara wa saa. Wachache walikumbuka kwamba uani mwa jengo hilo, enzi za makumbusho, palisimama mtepe: chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi, hakina msumari hata mmoja. Kiliundwa mwaka 2003 na kupewa jina la Shungwaya, maana mitepe ya kweli, iliyobeba boriti kutoka visiwa vya Lamu, ilikwisha baharini kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Chombo kikienda, jina hubaki likielea. Dau la mnyonge haliendi joshi, nani hajalisikia? Lakini muulize kijana aliyeiandika methali hiyo katika mtihani joshi ni nini. Joshi ni upande utokako upepo. Kwenda joshi ni kulazimisha chombo kipande kuelekea upepo, kazi inayotaka tanga zuri, kamba nzima na mabaharia wa kutosha. Mnyonge hana hata kimoja.

Mabaharia wetu hawakuwa wachoyo wa maneno. Bandari na nahodha ni za Waajemi. Waarabu walileta usukani, shehena na forodha, na pia nauli, ambayo wao waliirithi kwa Wagiriki. Mengi yamepanda nchi kavu bila kuaga: nahodha sasa huvaa kitambaa mkononi uwanjani, nauli hudaiwa na konda wa daladala, na rubani, aliyekuwa mwongoza chombo, amehamia angani.

Dau ndilo lililopatwa na makubwa. Mholanzi A. H. J. Prins, ambaye kitabu chake cha 1965 kuhusu ubaharia wa Lamu ndicho makala hii imekiegemea, alikuta watu wanaotofautisha vyombo kama mfugaji atofautishavyo ng'ombe wake. Dau kwao lilikuwa chombo mahususi, chenye ncha mbele na nyuma, si jahazi wala mashua. Bedeni lilikuwa bedeni, betili betili, bagala bagala.

Ndipo wakaja Waingereza. Karne ya 19 manowari zao zilifukuza wafanyabiashara ya utumwa katika bahari hii, na kila chombo chenye tanga waliita dhow, wakiongeza herufi ambayo hakuna Mswahili aliyewaomba. Nahodha wa manowari, G. L. Sulivan, alichapisha kitabu mwaka 1873 kilichobeba neno hilo katika jina lake. Fedha zilikuwamo pia: mabaharia wa manowari walilipwa kwa watumwa waliookolewa au kwa ukubwa wa chombo kilichokamatwa, na vyombo vingi vilipimwa na kuchomwa moto hapo hapo. Wenye vyombo walilalamika kuwa hata wafanyabiashara halali waliunguzwa. Ukishachoma chombo, kuna haja gani ya kujua kama kilikuwa bedeni au betili?

Wataalamu wanabishana hadi leo lilikotoka neno dhow. Wapo wanaolipeleka Uajemi, wapo wanaolipeleka India, na wapo wanaosema Mwingereza alilichukua kwetu. Mimi, kwa upendeleo usiofichika, niko na hawa wa mwisho. La ajabu ni kwamba Waarabu wenyewe, wanaodhaniwa na wageni kuwa ndio wenye dhow, huviita vyombo vyao kwa aina zake: bumu, sambuku.

Mvuke ulileta yake. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za kila mwezi za barua hadi Unguja, na neno la Kiingereza la barua likageuka kuwa meli. Baadaye zikaja winchi, kontena na kreni, na hayo msomaji anayajua.

Kinachoniuma ni uzembe wetu. Tunawakaririsha watoto kuwa kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, bila kuwaambia kuwa tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini yanakokusanyika maji yanayovuja, mahali ambapo lazima mtu ashuke na upo, kifaa cha kukumbia maji, akumbe. Padre Charles Sacleux, Mfaransa, aliyakusanya maneno ya namna hii katika kamusi yake ya 1939. Kuyasoma, mtoto wa Faza, huko Lamu, anahitaji kwanza kujifunza Kifaransa.

Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilizinduliwa Mei 20, 2021. Ng'ambo, mbele ya mji wa kale, vyombo vya tanga bado vinashindana siku za sherehe. Vijana wanaowatembeza watalii huvinyooshea kidole, mashua na jahazi, kimoja baada ya kingine, na vyote huviita dhow.