Ukuta ni wa Nani? Sanaa ya Mitaani na Suala la Kibali Nchini Australia

Mwanzoni mwa Februari 2020, usiku, kundi la watu walioficha nyuso liliingia Hosier Lane, kichochoro cha mawe katikati ya Melbourne, likiwa na vizimamoto vilivyojazwa rangi. Kulipopambazuka, michoro inayowavuta watalii kutoka pande zote za dunia ilikuwa imezama chini ya michirizi ya rangi. Halmashauri ya jiji ilililaani tendo hilo kuwa ni uharibifu. Ajabu ni kwamba michoro iliyolowa usiku ule nayo ni mtoto wa grafiti, na grafiti iliitwa kwa jina hilohilo tangu siku ya kwanza. Makala hii inadai kwamba ubishi wa “sanaa au uharibifu” unaficha swali zito zaidi: nani mwenye haki ya kutoa kibali cha ukuta?

Tuanze na dola. Mwaka 2007 jimbo la Victoria lilitunga Sheria ya Kuzuia Grafiti. Kwa sheria hiyo, kukutwa na kopo la rangi ya kupuliza katika maeneo ya usafiri wa umma bila sababu halali ni kosa, na polisi wanaweza kumpekua mtu wa miaka 14 na kuendelea wakimshuku. Wakati huohuo, vichochoro vilivyopakwa rangi vimekuwa sura ya Melbourne mbele ya wageni. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake. Melbourne imelipenda boga. Ua imelifikisha mahakamani.

Wasanii wenyewe wana utaratibu wao usioandikwa. Kila mchoro huchorwa ukijulikana kwamba utafunikwa. Anayefunika hutarajiwa kuweka kazi isiyo duni kuliko aliyoikuta, na kuparaza jina la haraka juu ya kazi iliyotolewa jasho ni tusi. Ndiyo maana kisa cha mwaka 2010 kina funzo. Wasafishaji wa halmashauri walifuta panya wa parachuti aliyechorwa na msanii mashuhuri wa mitaani Banksy katika Hosier Lane, na jiji likajuta. Picha nyingi zilikwisha kupotea pale bila kuliliwa na ofisi yoyote. Kilichoombolezwa safari hii kilikuwa jina na thamani yake sokoni.

Atatokea wa kupinga: je, basi tusihifadhi chochote? La hasha. Mchoro mkubwa ambao msanii wa Marekani Keith Haring aliuchora Collingwood, Melbourne, mwaka 1984, kwenye ukuta wa shule ya ufundi, umo katika orodha ya urithi ya Victoria, na mwaka 2013 ulifanyiwa ukarabati. Mkabala na kituo cha reli cha Redfern, Sydney, mchoro wa mwaka 1983 unaotaja miaka 40,000 ya kuishi kwa Waaborijini katika nchi hiyo ulirejeshwa rangi mwaka 2018. Lakini kazi hizi mbili hazilindwi kwa hoja moja. Ya kwanza inalinda mkono wa msanii aliyefariki mwaka 1990. Ya pili inalinda dai la watu walio hai.

Hapo ndipo suala la kibali linapogusa ardhi yenyewe. Mwaka 2012 Reko Rennie, msanii wa jamii ya Waaborijini ya Kamilaroi, alilifunika jengo la Taylor Square, Sydney, kwa maumbo ya rangi kali na maneno ya harakati za haki za ardhi, yanayosema kwamba nchi hii ilikuwa yao na itabaki kuwa yao. Kazi iliagizwa na jiji, lakini maneno yake yanamgeukia mwagizaji na kumuuliza: wewe ulipewa kibali na nani?

Jibu la vitendo lilionekana Sheep Hills, kijiji cha Victoria, mwaka 2016. Msanii Adnate alichora wazee na watoto wa jamii za wenyeji wa asili kwenye maghala marefu ya nafaka, kwa kushirikiana na baraza lao la ardhi. Ruhusa ya mwenye ghala peke yake haikumtosha. Aliwaendea pia wenye sura na wenye simulizi. Sheria za grafiti za Australia zinaijua ruhusa ya kwanza tu, na hilo ndilo pengo lake.